Nilikaa kiti cha jaji misimu mitatu. Mnachosikia kwenye runinga sicho tulichokuwa tunasikia sisi

Sikio_la_Tatu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa mashindano ya kuimba ukianza, majaji wanachambuliwa kama karanga humu ndani. "Hawana masikio", "wamepewa chochote hao", "yule dada kaimba vile halafu anapewa sita?" Huwa nasoma, nacheka, napita. Leo nimeshindwa kupita kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu.

Nilikaa kwenye kiti cha jaji misimu mitatu ya shindano moja la runinga. Silitaji, na anayedhani analijua abaki nalo. Msimu wa pili, hatua ya nane bora, alipanda binti mmoja akaimba wimbo wa taratibu. Nilimsikia akiimba chini ya noti tangu ubeti wa kwanza mpaka mwisho. Hakushuka sana, ni kule kushuka kwa unywele kunakomfanya mwenye sikio akunje uso bila kujijua. Nikampa tano. Nikamwambia mbele ya watu kwamba tyuni imemkimbia. Akatoka usiku ule ule.

Wiki mbili baadaye nikakutana na marudio nyumbani, tena kwa bahati tu. Nikatulia nisubiri ile sehemu anayoharibu. Haikufika. Nikarudisha nyuma, nikavaa hedifoni, nikawa napiga noti zake kwenye kinanda moja baada ya nyingine. Binti amesimama kwenye noti. Kuna neno moja ubeti wa pili aliteleza, basi.

Swali langu kwa wenye uzoefu, na siulizi kwa utani: nilisikia nini usiku ule? Na nyie mnaopiga kura mkiwa kwenye makochi, mnadhani mnasikia nini?

Matusi wekeni pembeni. Nawasilisha.

---

Ngoja_Nione

Naweka kambi hapa. Jaji anakiri kosa? Hizi ni dalili za mwisho wa dunia.

---

Kitasa_Kizito

Mkuu, jibu ni fupi: usiku ule hukuwa na sikio. Ungekuwa shabiki wa kawaida tungekusamehe, lakini ulikuwa unalipwa kusikiliza.

Hii ndiyo sababu mimi kila siku nasema majaji waondolewe. Mwimbaji anaimbia watu, basi watu ndio waamue. Jaji abaki kupamba kipindi.

---

Fundi_Nyaya

Mkuu Sikio, kabla hawajakutafuna, nijibu kwanza haya. Meza yenu ilikaa wapi, katikati mbele ya jukwaa au pembeni? Mlikuwa na spika yenu wenyewe au mlisikia zile za ukumbi? Waitikiaji walisimama upande gani?

Nauliza kwa sababu watu wengi hawajui kwamba onyesho moja la runinga lina miksi (mchanganyiko wa sauti) tatu au nne kwa wakati mmoja, na kila moja ni kama wimbo mwingine. Kuna inayokwenda kwenye spika za ukumbi. Hiyo inapikwa kwa ajili ya umati, besi inakupiga kifuani. Kuna inayoingia masikioni mwa mwimbaji, mara nyingi ni sauti yake mwenyewe, kinanda na mdundo, mengine yamepunguzwa ili asipotee. Halafu kuna inayokwenda hewani. Hii inachanganywa na mtu mwingine kabisa, yuko kwenye chumba chake au kwenye gari nje ya ukumbi, makelele ya watu anayasikia kupitia maiki tu. Yeye anamfikiria mtu wa nyumbani mwenye spika ndogo za runinga. Kwa hiyo sauti ya mwimbaji anaivuta mbele, anaibana ili mnong'ono na ukelele vitoke kwa ukubwa unaokaribiana, anaiwekea mwangwi kidogo itulie. Waitikiaji anawasukuma nyuma.

Ndiyo maana unaweza kuwa nyumbani unamsikia mtu anaimba kama malaika, huku majaji wamekunja nyuso. Na kinyume chake pia. Mtu anatikisa ukumbi, watu wanasimama juu ya viti, wewe nyumbani unajiuliza wamelewa nini. Ile nguvu iliyowasimamisha haikupita kwenye nyaya, imebanwa njiani.

Na hapo nazungumzia matangazo ya moja kwa moja. Kipindi kilichorekodiwa ni habari nyingine. Mwaka 2010 waandaaji wa The X Factor ya Uingereza walikiri kwamba sauti za hatua ya majaribio zilifanyiwa marekebisho baada ya kurekodiwa. Watazamaji walikuja juu kweli kweli. Programu maarufu ya kunyoosha noti, Auto-Tune, ilikuwa sokoni tangu 1997, kwa hiyo kilichowashangaza si kwamba kitu hicho kipo, ni kwamba kimetumika kwenye mtihani.

Nijibu hayo maswali matatu.

---

Sikio_la_Tatu (mleta mada)

Fundi, meza ilikuwa pembeni kushoto, kwa sababu kamera kubwa ya katikati ilihitaji njia. Tulikuwa na spika moja ndogo chini ya meza, lakini msimu ule iliharibika mara kwa mara. Waitikiaji walikuwa watatu, walisimama kushoto. Upande wetu.

---

Fundi_Nyaya

Walisimama mita ngapi kutoka mezani?

---

Sikio_la_Tatu (mleta mada)

Nne. Labda tano.

Ngoja.

---

Ngoja_Nione

Wakuu nahisi kuna kitu kinakuja. Nani ana maji ya kunywa.

---

Sikio_la_Tatu (mleta mada)

Nimerudi. Nimeitafuta ile rekodi tena, nimeisikiliza kwa kuwafuata waitikiaji peke yao. Kwenye runinga wako nyuma sana, lazima utege sikio. Yule wa katikati, mwenye sauti ya pili, ndiye aliyekuwa chini ya noti. Wimbo mzima. Kutoka pale nilipokaa, bila spika ya mezani, yeye ndiye aliyenifikia kwanza na kwa nguvu. Nilimhukumu mtu mmoja kwa sauti ya mwingine.

Sina cha kuongeza kwa sasa.

---

Mama_Alto

Mwanangu Sikio, pole, lakini usijibebeshe yote. Nimefundisha kwaya miaka ishirini na zaidi na nitakwambia kitu. Sauti mbili zikigombana, sikio halikwambii nani mwenye kosa. Linakwambia tu kuna ugomvi. Ukiwa unamtazama mmoja usoni, huyo ndiye unayemtwika. Nimewahi kumfokea mwanafunzi wa sauti ya kwanza wiki nzima kumbe besi ndiye aliyekuwa akimvuta chini.

Ila niseme na hili, kwa sababu naona vijana mnafikiri kuhukumu mwimbaji ni tyuni basi. Tyuni ni rahisi kuisikia ndiyo maana kila mtu anaikimbilia. Mimi nikikaa kumsikiliza mtu, kwanza nasikiliza mwisho wa sentensi zake. Mwanzo wa sentensi kila mtu ana pumzi. Mwishoni ndipo utamjua. Je, neno la mwisho linakufa, linashuka, au analikata kabla ya wakati kwa sababu hewa imekwisha? Mtu anayepumua kwa mabega utamwona: mabega yanapanda, shingo inakaza, na noti ya juu inayofuata inatoka kama inabanwa na mlango.

Halafu nasikiliza maneno. Wimbo una ujumbe, na kuna waimbaji wanaotafuna irabu mpaka husikii wanapenda au wanalaani. Halafu namsikiliza anapoimba chini. Kupiga noti ya juu kwa nguvu ni kazi ya misuli na ujasiri. Kuimba taratibu, sauti ndogo, bila kushuka na bila kutetemeka, hapo ndipo wanapoanguka tisa kati ya kumi. Kwenye runinga hakuna anayewapigia makofi wanaoweza.

Ule mtetemo wa sauti mnaoupenda nao una kipimo. Ukiwa mzuri, unazunguka mara tano mpaka saba kwa sekunde. Ukipungua hapo sikio linaanza kuuhesabu, ni kuyumba. Ukizidi ni mbuzi.

---

Ngoja_Nione

"Ukizidi ni mbuzi." Mama umefunga kazi. Kuna mshindi mmoja namjua alikuwa zizi zima.

---

Kitasa_Kizito

Haya yote yananiunga mkono. Jaji hasikii vizuri, meza yake imekaa vibaya, anamlaumu asiyehusika. Sasa kwa nini kura yake iwe na uzito kuliko yangu?

---

Mwana_Takwimu

Kitasa, kura ya watu nayo ina magonjwa yake. Mwaka 2004 kwenye American Idol, Jennifer Hudson alitoka akiwa wa saba. Si majaji waliomtoa, ni simu za watazamaji. Mwaka 2007 alikuwa ameshika tuzo ya filamu ya Oscar. Mwaka 2006 Chris Daughtry, mwimbaji wa roki aliyevuma baadaye, alitoka wa nne. Mwaka 2009 Susan Boyle alishika nafasi ya pili kwenye Britain's Got Talent, na huyo dunia nzima ilikuwa imeshamtazama. Na mwaka 2003, msimu wa pili wa Idol, Ruben Studdard alimshinda Clay Aiken kwa kura kama 134,000 katika kura zaidi ya milioni 24. Hapo huwezi kusema wananchi wameamua. Ni kama sarafu imeangukia ukingo, ikalalia upande.

Idol wenyewe waliliona. Mwaka 2009 wakawapa majaji uwezo wa kumwokoa mshiriki mmoja aliyekwisha kupigiwa kura ya kutoka.

Lakini nakuja na kibaya zaidi, kinachotugusa wote. Mtafiti anaitwa Chia-Jung Tsay, mwaka 2013, alichukua rekodi fupi za waliofika mwisho kwenye mashindano ya muziki wa kiklasiki. Akawapa watu wabashiri nani alishinda. Wengine wakapewa sauti tupu, wengine sauti na picha, wengine picha bila sauti. Ukiwauliza watu kabla, karibu wote wanakwambia sauti ndiyo muhimu. Matokeo: waliopewa sauti tupu walikuwa kama wanaobahatisha. Waliobashiri vizuri ni wale walioona picha bila kusikia chochote. Na msidhani ni washamba tu. Wanamuziki wenyewe walikuwa hivyo hivyo.

Maana yake wale majaji wa mashindano yenyewe, watu wazima wenye shahada zao, kwa kiasi kikubwa walimchagua mshindi kwa macho.

---

Mama_Alto

Hili linaniuma ila siwezi kulipinga. Ninapowachuja wanakwaya wapya huwa nageukia dirishani. Watu wanadhani nina dharau.

---

Kitasa_Kizito

Sasa The Voice si walishatatua hilo? Viti vinageuzwa mgongo, jaji anabonyeza akisikia anachokipenda. Tangu Uholanzi 2010. Mfumo safi.

---

Fundi_Nyaya

Safi kwa dakika moja na nusu. Tazama wanapogeuka, halafu tazama hatua zinazofuata: macho yote yamerudi, taa, wachezaji, moshi, hadithi ya maisha. Mchujo wa kutoona upo mwanzoni tu, baada ya hapo ni runinga kama runinga nyingine. Na umati unaona. Ukumbi ukilipuka kwa kelele ghafla, jaji aliyegeuza mgongo anajua huko nyuma kuna mtu wa kutazamwa.

Pia yule jaji anasajili timu. Habonyezi kwa sababu umeimba vizuri tu. Anabonyeza kwa sababu hana sauti kama yako, au habonyezi kwa sababu anayo tayari mbili. Mtu anarudi nyumbani analia kwamba hajui kuimba, kumbe nafasi zilikuwa zimejaa.

---

Kitasa_Kizito

Hapo nakubali. Tena afadhali hata huyo. Kwenye The X Factor jaji ana kundi lake analolilea, halafu anakaa mezani kuwapa maoni waimbaji wa kundi la mwenzake. Huyo ni refa ambaye timu yake iko uwanjani. Atasema nini? "Nimeona umepwaya kidogo leo." Bila shaka umeona.

---

Nusu_Fainali

Nimekuwa nasoma kimya kimya tangu jana. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Nilifika nusu fainali ya shindano ambalo nalo halitajwi.

Wacha niwaambie jinsi inavyokuwa, kwa sababu naona wote mnazungumza kama mwimbaji ana uhuru. Wimbo una dakika nne. Unaambiwa ukatwe ubaki dakika moja na nusu, ukibahatika mbili. Unapokatwa, kinachoondoka ni ule ubeti wa kwanza unaotulia, unaojenga. Kinachobaki ni kiitikio, kupandisha kii (kimo cha wimbo mzima), na ile noti ya juu ya mwisho. Sasa wewe mwenye sauti ya kusimulia, sauti ya chini, huna pa kusimulia. Unalazimika kupiga kelele kama wengine. Kisha jaji anakwambia "nilitaka kusikia hisia." Zilikuwa kwenye ubeti mliokata.

Kii unaichagua kwenye mazoezi, mwili umetulia. Usiku wenyewe moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, pumzi ambayo jana ilifika mwisho wa mstari leo inaishia katikati. Na kila kitu kinakwenda kasi kichwani mwako, unajikuta uko mbele ya bendi. Mimi niliimba mstari mzima nikiwa mbele ya ngoma na sikujua mpaka nilipotazama marudio.

Siku niliyotoka, kisikizio cha sikio la kushoto kilianguka sekunde kumi za mwanzo. Kwa hiyo sikio moja lilikuwa na miksi yangu, jingine lilikuwa na ukumbi ambao unachelewa. Umewahi kuongea na simu ukasikia sauti yako inarudi nyuma yako? Sasa imba hivyo. Jaji mmoja akasema sikujiandaa.

Sikio_la_Tatu, sikulaumu wewe. Nauliza tu: yule binti, ulishamwambia?

---

Sikio_la_Tatu (mleta mada)

Hapana.

---

Ngoja_Nione

Uzi umekuwa mzito ghafla. Naondoa utani wangu kwa muda.

---

Mwana_Takwimu

Nusu_Fainali asante kwa kufunguka. Ulipangwa wa ngapi usiku ule?

---

Nusu_Fainali

Wa kwanza. Kwani?

---

Mwana_Takwimu

Nilihofia hivyo. Kuna shindano la Queen Elisabeth, Brussels, la wapiga piano na fidla, mashuhuri kabisa. Fainali ilikuwa na watu kumi na wawili, wawili kila usiku kwa siku sita, na mpangilio ni wa kura ya bahati nasibu. Flôres na Ginsburgh walichapisha mwaka 1996 uchunguzi wa matokeo ya miaka mingi: waliopangwa siku ya kwanza nafasi yao ya kushika nafasi za juu ni ndogo, waliokuja baadaye ni kubwa zaidi. Kwa kuwa mpangilio ni bahati nasibu, huwezi kusema wazuri waliwekwa mwisho.

Sababu moja inayotajwa naipenda sana. Kila mwanafainali alipiga kipande kipya kilichotungwa kwa ajili ya shindano. Majaji nao walikuwa wanakisikia kikipigwa kwa mara ya kwanza. Wa kwanza anawafundisha wimbo, wa mwisho anavuna.

Na Eurovision, shindano la nyimbo la mataifa ya Ulaya na wenzao, wamepimwa vilevile: mtafiti Wändi Bruine de Bruin, 2005, alikuta wanaotokea baadaye wanapata alama bora, na hata kwenye kuteleza juu ya barafu. Jaji akimsikia wa kwanza hana cha kulinganisha, kwa hiyo anabana alama, "nisije nikamaliza tisa zote mapema". Kila aliyewahi kusahihisha mitihani anaijua hiyo.

---

Sikio_la_Tatu (mleta mada)

Nathibitisha kwa mkono wangu. Mwimbaji wa kwanza sikuwahi kumpa zaidi ya saba. Misimu mitatu. Sikuwa nimepanga, nimetambua sasa hivi nikikusoma.

Na wa kupanga nani aimbe lini kwenye vipindi vya moja kwa moja mara nyingi si bahati nasibu, ni waandaaji. Hawapangi kwa ubaya lazima. Wanataka kipindi kianze na wimbo wa kuchangamsha na kimalizike na wa kusimamisha nywele. Lakini aliyepewa kazi ya kuchangamsha ameshatozwa kodi.

---

Fundi_Nyaya

Mmetaja Eurovision, nina kionjo. Tangu 2009 fainali yao ni nusu majaji, nusu simu. Mkiona alama zinatofautiana mbingu na ardhi, kumbukeni majaji wa nchi hawapigi kura kwa onyesho lile mnaloliona Jumamosi. Wanapiga kwa mazoezi ya mwisho, usiku wa kabla yake. Mwimbaji akiwa na mafua Ijumaa na amepona Jumamosi, ameshaumia nusu nzima na watazamaji hawajui.

---

Mwana_Takwimu

Na mfano wa mwaka 2016 ndio unaonifanya niutetee mseto. Majaji waliweka Australia kwanza. Simu ziliweka Urusi kwanza. Mshindi akawa Ukraine, Jamala, pointi 534, ambaye alikuwa wa pili kwa pande zote mbili. Hakuna kundi lililompata wake, na wote walimkubali. Mwaka 2023 ikageuka: simu zilimpa Käärijä wa Finland 376, Loreen wa Sweden 243, majaji wakamjaza Loreen 340, akamaliza na 583 dhidi ya 526. Finland nzima ikanuna.

Ukiuliza nani alistahili 2023, jibu lako linategemea ulikuwa unapima nini. Fomu ya majaji inataja uwezo wa sauti, onyesho jukwaani, utunzi na upekee, na picha nzima kwa jumla. Fomu ya mtu wa kochi ina swali moja: nimefurahi?

---

Kitasa_Kizito

Na hilo swali moja ndilo linalouza tiketi.

Ila nimekaa nikafikiria. Nilisema majaji waondoke. Ninachokitaka hasa ni waache kuwa wahusika wa tamthilia. Mmoja mkali, mmoja mpole, mmoja wa vichekesho. Wanapewa nusu dakika ya kusema, sasa nusu dakika utachambua nini? Unatafuta sentensi ya kukumbukwa. Yule Simon Cowell, jaji mkali wa American Idol na The X Factor, sikio alikuwa nalo, lakini kilichomfanya awe Simon Cowell ni ulimi.

---

Mama_Alto

Kitasa amebadili msimamo hadharani, andikeni tarehe.

Mimi nina pendekezo, tusiishie kulalamika. Tuchukue rekodi moja ya nusu fainali ya zamani ambayo hakuna kati yetu anayekumbuka matokeo. Waimbaji sita. Nusu yetu tusikilize tumegeuza mgongo. Nusu watazame bila sauti kabisa. Kila mtu apange wa kwanza mpaka wa sita, amtumie Mwana_Takwimu faragha. Siku tatu zinatosha.

---

Ngoja_Nione

Mimi nataka bila sauti. Nina kipaji cha kuhukumu bila kusikiliza, muulizeni mke wangu.

---

Mwana_Takwimu

Majibu yamefika. Tumeshiriki kumi na mmoja, kwa hiyo msinijie na mambo ya sayansi, huu ni mchezo.

Waliotazama bila sauti, watano: wanne kati yao walimweka kwanza yule yule, kaka wa koti refu. Ndiye aliyepita kweli usiku ule.

Waliosikiliza tu, sita: kila mmoja ana wake wa kwanza, isipokuwa Mama_Alto na Fundi waliokubaliana juu ya dada aliyeimba wa kwanza. Huyo dada alitoka usiku ule. Waliotazama bila sauti walimpa nafasi ya tano au sita, wote.

---

Mama_Alto

Yule dada ana mwisho wa sentensi. Kila mstari kaumaliza. Nilivyogeuka nikamtazama baadaye, kumbe alifumba macho wimbo mzima na mikono kaiweka tumboni. Kamera haikuwa na cha kuonyesha, ikawa inaonyesha majaji.

---

Fundi_Nyaya

Na mimi nilimpenda kwa sababu anajua maiki. Noti kubwa anaisogeza mbali, ndogo anaileta mdomoni. Kaka wa koti ameimeza maiki kutoka mwanzo, hizo pumzi zilikuwa zinapasuka kama upepo dirishani.

---

Ngoja_Nione

Mimi nilimpa koti nafasi ya kwanza. Sijutii. Lile koti lina sauti.

---

Nusu_Fainali

Sikio, umepotea. Siku nne.

---

Sikio_la_Tatu (mleta mada)

Nipo. Nilikuwa natafuta namba yake. Sasa ni mwalimu wa muziki, bado anaimba lakini si mashindano.

Nimempigia jana jioni. Nikajieleza yote: meza ya pembeni, spika mbovu, mwitikiaji wa katikati, rekodi, kinanda. Nikamwambia ile tano haikuwa yake na yale maneno ya tyuni hayakuwa yake. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza kwa upole kabisa, "Samahani kaka, wewe ulikaa kiti kipi?"

Nikamwambia cha kulia. Akasema hakumbuki nilichosema. Anachokumbuka usiku ule ni mwenzangu wa kiti cha kati, aliyemwambia gauni halikumpendeza.

---

Ngoja_Nione

Chia-Jung Tsay, njoo huku umchukue mtu wako.